Maji Yasiyo na Tope

Mombasa
20 Januari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mpe Baba shikamoo yake, lakini barua hii isome kwanza peke yako. Simu ya Baba haipokelewi bila kuwekwa sauti ya nje, na kabla sijamaliza sentensi nyumba ya tatu imeshaanza kunishauri. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nimechaguliwa, Mama. Kila mwaka kitivo chetu huchukua wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho, kila mmoja akafanya utafiti wake mwenyewe, na akifaulu mbele ya jopo la wahadhiri shahada yake inaandikwa kuwa ya heshima. Msimamizi wangu ni Dakta Ikhlas, mwenyeji wa Kipini, mpole wa sauti na mkali wa kazi. Aliniuliza ninataka kutafiti nini, nikajikuta nimesema mto wetu. Sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Sasa nahitaji maji. Binamu Job ameshakubali kunitumia ya Idsowe. Wewe nichotee ya hapo Wema, pale pale tunapochota siku zote, chupa sita za nusu lita, uzitume kwa basi kutoka Garsen. Usafi ni muhimu sana. Zioshe chupa vizuri, maana Dakta akiona uchafu kidogo tu anarudisha kazi yote.

Kuhusu ile kazi ya ukarani Hola ambayo shangazi Asenath amenitafutia, mwambie Baba nitajibu. Sijui nijibu nini. Miaka yote hii nimesoma kemia, na mtu akiniuliza nitakuwa nani nabadilisha mazungumzo. Utafiti huu ukienda vizuri, Dakta anasema naweza kuendelea na masomo ya juu. Usipoenda vizuri nitakuwa karani, na nitashukuru.

Bintiyo,
Lois


Wema
2 Februari 2025

Mwanangu Lois,

Marahaba. Huku tu wazima, ila baba yako na mgongo wake, na jua hili ambalo limekausha hata mihogo.

Barua niliisomea jikoni kama ulivyotaka, lakini baba yako aliniona natabasamu akaitaka. Nikamsomea ya utafiti, ya Hola nikairuka.

Maji nimetuma. Usafi nimezingatia, usiwe na wasiwasi. Nisingekubali maji ya nyumbani kwangu yafike mbele ya mwalimu wako yakiwa ya kutia aibu. Diba alipita na maziwa kama kawaida yake, nikampa ndizi zake, na kwa kuwa alikuwa anakwenda mnadani Garsen kuuza mafahali, nikamkabidhi boksi alifikishe kwenye basi. Alilipakata kwenye pikipiki njia nzima kama kitoto kichanga. Amesema ukishakuwa daktari umtazame goti lake. Nilimweleza kwamba si udaktari wa magoti. Hakuelewa, na mimi pia sielewi vizuri ni wa nini.

Waorma wenzake wengi wameshuka kwa ajili ya kiangazi. Wananywesha ng'ombe hapa juu yetu, kwenye malka ile ile, njia yao ya tangu zamani ya kushukia mtoni. Mwaka huu kumetulia, tunamshukuru Mungu.

Hola wanataka jibu kabla ya Pasaka. Baba yako haulizi, lakini kila akirudi shamba anataja mtoto wa mtu fulani aliyepata mshahara.

Ni mimi mama yako,
Rosina


Mombasa
19 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Maji ya Idsowe ni ya kawaida, yana tope jingi kama tunavyoujua mto. Maji ya Wema si ya kawaida. Yana asidi, yana alumini nyingi na salfeti, na hayana tope kabisa. Nilipoinua chupa kwenye mwanga niliona vidole vyangu upande wa pili. Mto Tana huo, Mama. Nilifikiri tope limetulia chini kwa ajili ya safari, nikatikisa, halikuwepo. Nimepima na kurudia mpaka fundi wa maabara akanifukuza nikale.

Kuna kitu kinaingia mtoni kati ya Idsowe na Wema. Sijui ni nini. Inaweza kuwa dawa ya shambani, dawa ya mifugo, au kitu kilichotupwa. Nakuomba msinywe maji hayo mpaka nijue, wala msimpe mtoto yeyote. Dakta amenikataza kumwambia mtu kabla hatujapima mara ya pili, na hapa navunja amri yake kwa sababu ni ninyi. Basi habari hii iishie kwako na Baba. Nitumieni chupa nyingine sita haraka.

Liko jambo jingine ambalo hapa sina wa kumwambia. Dakta alipoona matokeo alivua miwani, akasema hajawahi kuona kitu kama hiki katika mto ule, na kwamba kikithibitika kitachapishwa kwa jina langu. Nikafurahi, Mama. Ninyi mnakunywa sumu, na mimi nikafurahi. Nimejiona mtu mbaya sana, na furaha yenyewe bado haijatoka.

Lois


Wema
3 Machi 2025

Kwa binti yangu Lois,

Nimesoma barua uliyomwandikia mama yako. Mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kunyamaza watu wakinywa sumu, kisha Jumapili niwapitishie sahani ya sadaka. Nilisimama baada ya mahubiri nikawaeleza, na nikasema aliyegundua ni wewe. Watu walipiga makofi, na mchungaji akakuombea kwa jina.

Tangu siku hiyo hakuna anayechota mtoni. Tunatumia kisima cha shule, ambacho ni chumvi tupu. Watoto matumbo yanawasumbua, lakini heri hayo kuliko hiyo alumini.

Vijana wamekata miiba wakaiziba malka. Wanasema ulitaja dawa ya mifugo. Niliwaambia ulitaja na ya shambani pia, wakanijibu kwamba lisemwalo lipo. Tena wamekumbuka kuwa boksi la kwanza lilipelekwa Garsen na Diba. Mimi simshuku Diba. Lakini niliulizwa kama naweza kuapa kwamba si yeye, nikanyamaza.

Boksi la pili nimelipeleka mwenyewe. Mama yako ndiye aliyeyaandaa maji. Mambo ya Hola tuyaache kwanza. Mtu anayeokoa kijiji haendi kupiga mihuri ofisini.

Baba yako,
Jasper


Barua pepe
Kipini, 13 Machi 2025

Mwanangu Lois,

Salaam kutoka msibani. Tumemzika shangazi yangu, na nitakaa huku mpaka Idi ipite.

Fundi wa maabara amenitumia vipimo vya boksi la pili. Alumini imeizidi ile ya kwanza, na asidi vilevile. Ukiyapeleka haya mbele ya jopo mwezi ujao, hakuna atakayesinzia. Nimefurahi nawe.

Ila nina swali, na nalitaka jibu lake kabla ya jopo. Umeandika mahali, tarehe na saa. Hukuandika nani aliyechota, wala alichotaje. Maji hayaingii chupani kwa miguu yake. Nilipaswa kukuuliza tangu boksi la kwanza, na sikuuliza kwa sababu nami nilikuwa nimeshapendezwa na matokeo. Uliza sasa. Kuuliza si ujinga.

Dkt. Ikhlas


Mombasa
15 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Boksi la pili ni baya kuliko la kwanza. Chochote kinachoingia mtoni kinaongezeka.

Barua ya Baba imeninyima usingizi. Niliomba habari ile iishie kwenu. Sasa nasikia miiba, nasikia malka, nasikia jina la Mzee Diba. Huyu ndiye aliyenivusha mafuriko mgongoni nilipokuwa shule ya msingi, viatu vyangu amevishika kwa meno. Jioni najiambia haiwezekani. Asubuhi naangalia vipimo, najiuliza kama naweza kuapa, na mimi pia nanyamaza.

Nakuomba uniandikie kila unachofanya, tangu unapotoka na ndoo mpaka unapofunga kizibo. Usiruke kitu hata ukiona ni cha kijinga. Niambie pia nani mwingine alishika chupa. Naogopa jibu lako litakuwa na jina la mtu ndani yake, lakini niandikie.

Lois


Wema
23 Machi 2025

Mwanangu,

Umeuliza, nami nakujibu.

Nilitoka na ndoo alfajiri. Nikaangalia mamba, nikaingia maji ya magoti, nikachota pale kwenye mteremko wetu. Nikarudi jikoni. Nikachuja kwa kipande cha leso safi. Nikatia shabu, nikakoroga, nikayaacha mpaka tope lote likakaa chini. Kisha nikachota ya juu taratibu kwa kikombe, nikajaza zile chupa ulizosema zioshwe. Basi.

Hayo ndiyo maji yetu, Lois, unayajua. Nani ampelekee mgeni maji ya tope? Hata mpita njia akibisha hodi simpi kabla ya shabu. Na mara ya pili, uliposema maji si mazuri, nilijua nimekutia aibu kwa mwalimu wako. Nikatia jiwe zima la shabu. Nilikoroga mpaka mkono ukauma. Yalitoka meupe mpaka baba yako akasema ni hasara kuyatuma Mombasa.

Chupa za pili hakuzishika mtu ila mimi na baba yako. Za kwanza Diba alibeba boksi limefungwa kamba, na kamba niliifunga mimi.

Juzi ng'ombe wake walishuka mtoni wakakuta miiba. Ilikuwa mchana, naye amefunga Ramadhani, na ng'ombe wanalia kwa kiu. Vijana wetu walisimama huku, wao kule, kila upande na fimbo. Hakuna aliyepigwa. Diba alikuja katikati, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Mama Lois," akasema, "nimetia nini mtoni?"

Watu wote walikuwa wananiangalia, nikafunga kanga yangu upya. Aligeuza ng'ombe wake akaenda, na tangu siku hiyo hajaleta maziwa. Nalikumbuka lile swali nikipika, nikilala, na hata kanisani.

Chifu ameitisha baraza Jumamosi ya tarehe tano Aprili. Nakumbuka mwaka ule wa mapigano ya wakulima na wafugaji, tulipokimbia usiku na sufuria vichwani, wewe mdogo, unauliza kwa nini tumemwacha paka. Njoo, mwanangu, kama unaweza.

Mama yako,
Rosina


Barua pepe
Mombasa, 28 Machi 2025

Dakta,

Shikamoo. Najibu swali lako. Aliyechota ni mama yangu, na kabla ya kujaza chupa aliyasafisha maji kwa shabu. Mara ya pili alitia jiwe zima, kwa sababu mimi nilimwambia maji si mazuri.

Shabu, Dakta. Nimeikoroga mtungini tangu nilipoweza kushika mwiko. Kwenye mtihani wa mwaka wa pili niliiandika kwa jina lake refu, potasiamu alumini salfeti, nikapata alama zote. Haikunijia hata siku moja kwamba ni kitu kile kile. Nilipoisoma barua ya Mama nilikaa chini kwenye korido ya bweni, watu wakapita wakiniruka.

Nayaondoa matokeo yote ya Wema. Tena nilivunja amri yako, niliwaambia wazazi kabla ya vipimo vya pili. Sasa njia ya kunyweshea ng'ombe imezibwa kwa miiba, na mzee asiye na hatia amebaki kuuliza ametia nini mtoni. Nakwenda barazani. Nitasema kosa ni langu, si la mama yangu wala la mtu mwingine. Sijui kama watanisikiliza. Neno sumu lilifika Wema kwa barua moja tu, kulitoa huko sijui kutahitaji nini.

Kazi ya Hola ipo mpaka Pasaka. Naona ndiyo inayonifaa. Karani akikosea, karatasi inarudishwa tu mezani kwake.

Lois Jasper


Barua pepe
Kipini, 2 Aprili 2025

Lois,

Ulilovunja umelivunja, na sitakwambia si kitu. Matokeo ya Wema yanatoka. Hutakwenda mbele ya jopo mwezi huu, na shahada ya heshima ukiitaka itabidi ubaki mwaka mwingine. Nimeshamwandikia mkuu wa idara, na nimemwandikia pia kwamba msimamizi alichelewa kuuliza.

Baada ya kuandika hayo nilicheka jikoni mpaka dada yangu akaja kuuliza kuna nini. Mimi nami nimekuzwa na maji ya shabu, binti Jasper, na nilivua miwani.

Sasa hili lifikirie kwenye basi. Hukuupima mto. Uliupima mtungi wa mama yako. Anatia shabu kiasi gani? Jirani yake je? Mto ukizidi tope wanaongeza mpaka wapi? Pengine hayana neno, pengine yana. Vitabu na makala zote ulizonirundikia mezani, uliona hata moja iliyoupima mtungi wa nyumba ya Wema? Mimi sikuona.

Sikwambii ufanye. Ukarani ni kazi ya halali, na mwaka mmoja ni mrefu kwa mtu ambaye nyumbani wanamngoja. Nenda kwanza barazani. Sema mambo kwa maneno mafupi, na usilie mpaka umalize.

Dkt. Ikhlas


Mombasa
14 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Pale barazani ulisimama karibu yangu ukiangalia chini, na njiani kurudi nyumbani ulitangulia mbele. Najua nilikuvunjia heshima mbele ya watu uliowaambia kwa furaha. Nisamehe, Baba.

Nimemwandikia shangazi Asenath kwamba Hola siendi. Nilitaka kukuambia uso kwa uso, nikakuona unanoa jembe ambalo tayari lilikuwa kali, nikaogopa.

Nitabaki mwaka mmoja zaidi. Dakta amenipatia kibarua maabara cha kulipia chumba. Nitapima mitungi, nyumba kwa nyumba, Wema na Idsowe, na nyumbani kwa kina Mzee Diba wakinikubalia. Nitakuja mwenyewe, nitachota mwenyewe, na nitakaa jikoni nione.

Nilipokuwa nikieleza habari ya shabu, mama mmoja nyuma kabisa aliuliza, "Sasa tutie kiasi gani?" Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichowafanya vijana waweke fimbo chini. Lakini yule mama hakuwa akitania. Alikuwa na mtoto mgongoni, alitaka jibu, na mimi sikuwa nalo. Nimesafiri na swali lake mpaka Mombasa. Ukiniuliza leo nitakuwa nani, nataka niwe mtu wa kumjibu yule mama.

Naogopa, Baba. Nikikosea mara ya pili, sijui nitarudi Wema kwa uso gani.

Bintiyo,
Lois


Wema
27 Aprili 2025

Mwanangu Lois,

Baba yako hajakuandikia kwa sababu anasema hana la kuandika. Lakini barua yako ameitia ndani ya Biblia yake, na Jumapili ya Pasaka alisimama tena kanisani akasema kwamba alichotangaza awali hakikuwa kweli, na kwamba yeye aliulizwa kama anaweza kuapa kuhusu Diba, akanyamaza. Hakupigiwa makofi. Alirudi nyumbani akalala mchana, jambo asilolifanya.

Watu wamerudi mtoni, na mto wenyewe umeanza kujaa. Miiba imetolewa kwenye malka. Haijachomwa lakini, imewekwa kando ya njia, na sisi wote tunaiona tukipita.

Diba amerudi. Mara ya kwanza aliacha maziwa mlangoni akaenda zake bila kubisha. Juzi alibisha. Nikamkaribisha, nikampa maji. Aliyatazama kwenye kikombe muda mrefu.

"Umetia?" akaniuliza.

Nikamwambia nimetia. Akanywa yote, akaomba mengine. Kisha tukaongea habari za goti lake.

Najua umesema utakuja kuchota mwenyewe, ila nakutumia chupa tatu za kuanzia. Moja ni ya mto. Nimechota nikafunga pale pale, na tope lake na vijiti vyake, nikaifunika kwa leso kwa aibu mpaka nyumbani. Nyingine ni ya mtungi wangu. Nyingine ameileta Diba kutoka kwao, sikumwomba. Amesema kama binti wa Jasper anataka tope, atapata tope.

Juu ya chupa sikuandika jina la mtu wala la mahali. Nimeandika moja, mbili, tatu, na ipi ni ya nani nitakuambia ukija. Ukipima ukakuta jambo, zuri au baya, usiniandikie. Panda basi, uje uniambie nikiwa nakuona.

Mama yako,
Rosina